Mjadala: Asiyeweza kusoma nakshi za Kichina, azishone?

Mleta mada:
Wanajamvi, jambo hili linanikera tangu Julai 2022, wanafunzi wa Kichina walipoandamana mbele ya duka la Dior, kampuni ya mitindo ya Ufaransa, mjini Paris. Kisa ni sketi: mbele bapa, marinda pembeni. Anayejua nguo za enzi ya Ming, ukoo wa kifalme wa zamani wa China, aliiona ni mamianqun, sketi ya jadi ya Kichina. Dior wakainadi kama umbo lao wenyewe. Watetezi wanasema marinda hayana mwenyewe. Mimi nasema kuazima si kosa; kosa ni kufuta jina la uliyemwazima.

Kwenye nakshi ni zaidi, kwa sababu nakshi za Kichina husomwa. Popo, ambaye kwetu hana sifa nzuri, kule ni baraka: jina lake, fu, hutamkwa sawa na neno la baraka. Popo watano wakizunguka herufi ya maisha marefu ni dua kamili. Mbunifu akibakiza watatu ili shingo ikae vizuri, ameikata dua katikati.

Mchangiaji wa kwanza:
Nakupinga. Nakshi za China nazo ziliazimwa. Zile za duara zenye shanga pembeni zilifika China na hariri za Uajemi. Yungiyungi lilienea kwenye nakshi zao pamoja na dini ya Buddha kutoka India. Joka la kucha tano lilikuwa la mfalme na walio karibu naye. Leo liko kwenye fulana. Nakshi ikifungiwa kabatini inakufa.

Mchangiaji wa pili:
Mimi ni fundi, tuje kwenye mkasi. Joho la joka la enzi ya Qing, ukoo wa mwisho wa wafalme wa China, lilipangiwa nakshi zake kwanza, kila kitu mahali pake, ndipo likakatwa. Pindoni kuna mistari ya mshazari, ndiyo kina cha bahari; juu yake mawimbi na miamba, halafu mawingu na joka. Mvaaji amebeba dunia nzima. Sasa wewe unaleta mkato wa kubana, dati (mikunjo inayoshonwa ili nguo ifuate mwili) kifuani, zipu mgongoni: joka linamezwa uso, mawimbi yanapanda hadi kifuani. Mteja aliwahi kuniletea kitambaa cha namna hiyo akitaka gauni la kubana. Nikamshawishi tushone koti pana lisilo na dati, mgongo kipande kizima. Joka likapona. Kubadilisha kunawezekana, ila mkato ufuate nakshi.

Mleta mada:
Asante fundi. Na wewe wa Uajemi umenipa hoja. Mafundi wa enzi ya Tang, ukoo wa kale zaidi wa wafalme wa China, hawakuishia kunakili zile duara. Dou Shilun, ofisa aliyekuwa Sichuan, kusini-magharibi mwa China, mwanzoni mwa enzi hiyo, alibuni nakshi za wanyama wawili wawili wanaotazamana, na zikaitwa kwa cheo chake. Zilikuwa na jina! Katika mji wa Nanjing, China, hadi leo hariri ya nakshi iitwayo yunjin inafumwa na watu wawili kwenye kitanda kimoja cha mfumi, mmoja juu, mmoja chini, sentimita chache kwa siku; UNESCO waliuorodhesha ufumaji huo kama urithi wa utamaduni mwaka 2009. Kampuni ikiipiga picha nakshi ile na kuichapa kwenye poliesta, lebo iseme ilikotoka, na wafumaji wapate fungu la mapato. Mbona nchi ilikoshonwa nguo inaandikwa?

Mchangiaji wa kwanza:
Kwenye lebo nakubali. Kwenye fungu bado. Nakshi ya yunjin ina wafumaji wake, tunawajua walipo. Wale popo watano wako China nzima, kwenye vyombo, milango na mito ya harusi. Hapo alipwe nani?