Kuhamia Gaeltacht ya Conamara: nyumba, shule na misaada ya serikali

Kutoka: mwanajumuiya, Lucan

Ndugu wanajumuiya, salaam.

Mume wangu amepata kazi katika kiwanda kimoja karibu na kijiji cha An Cheathrú Rua, eneo la Conamara, kaunti ya Galway, magharibi mwa Ayalandi, nasi tungependa kuhama kabla shule hazijafunguliwa mwezi wa Septemba. Tuna mtoto wa miaka 3, na mwingine wa miaka 13 ambaye alitoka Dodoma mwaka jana kuja kuungana nasi. Nimeambiwa kwamba huko shule zinafundisha kwa Kiayalandi, na kwamba serikali inatoa fedha kwa wanaokwenda kuishi vijijini. Naomba mwenye uzoefu anieleze misaada hiyo ni ipi hasa, kama nyumba zinapatikana, na kama watoto wataimudu shule.

Asanteni.

Kutoka: mwanajumuiya, Conamara

Dada yangu,

Nimeishi upande huu kwa miaka 9, nikifanya kazi ya kutunza wazee, na nimeziona familia mbili za kwetu zikifika na kuondoka kwa sababu zilikuja na hesabu ya fedha peke yake. Kwa hiyo naanza na jambo ambalo mimi mwenyewe nilichelewa kulielewa, kwamba huku msaada unaotolewa kwa kijiji na msaada unaotolewa kwa lugha havitenganishwi. Gaeltacht ni jina la maeneo ambayo sheria inayatambua kuwa ya wasemaji wa Kiayalandi, nayo yametawanyika katika kaunti za Donegal, Mayo, Galway, Kerry, Cork, Waterford na Meath. Tangu mwaka 1980 maeneo hayo yamekuwa na mamlaka yake ya maendeleo, Údarás na Gaeltachta, yenye makao makuu Na Forbacha, ambayo imepewa kazi mbili kwa pamoja: kuleta ajira na kuilinda lugha. Mamlaka hiyo inamiliki ardhi na majengo ya viwanda, inatoa ruzuku kwa kampuni zinazokuja kuajiri watu, na inaendesha vituo vya kufanyia kazi kwa intaneti vinavyoitwa gteic. Sitashangaa nikisikia kwamba kiwanda cha shemeji kimejengwa juu ya ardhi yake. Hata serikalini, maendeleo ya vijijini na mambo ya Gaeltacht yaliwekwa tena chini ya wizara moja mwaka 2025.

Sasa nije kwenye nyumba, maana hapo ndipo utakapohangaika zaidi. Hakuna fedha anayopewa mtu kwa sababu tu ya kuhamia kijijini. Kilichopo ni ruzuku ya kukarabati nyumba ambayo haijakaliwa kwa miaka 2 au zaidi na ambayo ilijengwa mwaka 2007 au kabla yake. Ruzuku hiyo inafika yuro 50,000, na kama nyumba imekuwa gofu inafika yuro 70,000, ilhali visiwani, kama Árainn, viwango ni yuro 60,000 na yuro 84,000. Maombi yanapelekwa kwenye halmashauri ya kaunti, nawe usianze kupiga nyundo hata moja kabla hujapata idhini ya maandishi, kwa sababu kazi iliyoanza kabla ya idhini hailipwi. Jambo ambalo wengi wetu hawaelezwi mapema ni kwamba fedha hutoka baada ya kazi kukamilika na kukaguliwa, kwa hiyo lazima uwe na akiba au mkopo wa kumlipa fundi. Ukiiuza nyumba hiyo kabla ya miaka 5 utarudisha ruzuku yote, na ukiiuza kati ya mwaka wa 5 na wa 10 utarudisha asilimia 75. Kama mnafikiria kujenga nyumba mpya, fahamu pia kwamba baadhi ya vibali vya ujenzi katika Gaeltacht huja na sharti la lugha, yaani kwamba atakayeikaa nyumba awe anatumia Kiayalandi.

Kwa mpangaji hali ni ngumu kuliko hapo. Katika mwaka wangu wa pili mwenye nyumba mmoja alinipa mkataba wa miezi 9, kuanzia Septemba hadi Mei, na Juni ilipoingia nilikuwa nabeba magodoro na watoto kwa sababu nyumba ilikuwa inasubiri watalii wa kiangazi. Nililia siku ile, lakini nilipozungumza na majirani nikagundua kwamba vijana waliozaliwa hapohapo, wanaozungumza Kiayalandi tangu utotoni na wanaotaka kulea watoto wao kijijini kwao, nao walikuwa wanakosa mahali pa kulala kama mimi. Nakuomba sana msikubali mkataba wa namna hiyo mkiwa na watoto wa shule. Mwambieni mwajiri awasaidie kutafuta nyumba ya mwaka mzima kabla shemeji hajatia sahihi mkataba wa kazi.

Kuhusu mtoto wa miaka 3, mpeleke naíonra bila kusita. Hiyo ni chekechea inayoendeshwa kwa Kiayalandi, ambako watoto hujifunza kwa michezo na nyimbo. Mimi nilimzuia mwanangu wa kwanza kwa mwaka mzima nikiogopa kwamba lugha ya tatu ingemchanganya, na matokeo yake alipoanza shule alikuwa mtoto peke yake darasani asiyejua kuomba maji. Kosa lile bado linaniuma. Shule za msingi zilizotambuliwa rasmi kuwa shule za Gaeltacht hufundisha kwa Kiayalandi pekee katika miaka 2 ya mwanzo, na Kiingereza huanza kufundishwa baadaye, kwa hiyo aliyepitia naíonra huingia akiwa amesimama kwa miguu yake.

Huyu wa miaka 13 ndiye anayenipa wasiwasi. Kwa utaratibu wa wizara ya elimu, mtoto anayeandikishwa shuleni akiwa na umri wa miaka 12 au zaidi, baada ya kusoma nje ya Ayalandi kwa miaka 3 mfululizo bila nafasi ya kujifunza Kiayalandi, anaweza kuombewa msamaha wa somo hilo. Hata hivyo, msamaha ni wa somo moja tu. Katika sekondari za Gaeltacht hisabati, historia na sayansi zote hufundishwa kwa Kiayalandi, kwa hiyo msamaha hautamwokoa mtoto ambaye haelewi mwalimu anachosema. Nendeni mkazungumze na mkuu wa shule ana kwa ana, mumuulize ni msaada gani wa lugha mtoto atapewa, kwa saa ngapi kwa wiki, na mwalimu yupi atausimamia. Mkiona majibu hayaridhishi, fikirieni sekondari ya Kiingereza upande wa jiji la Galway, na muulizie usafiri wa shule mapema.

Usafiri kwa ujumla ni mabasi machache. Yapo yale ya Local Link yanayofadhiliwa na serikali kwa ajili ya vijijini, na mengine huagizwa kwa simu yakakufuata hadi mlangoni, lakini kazi za zamu zinataka gari. Leseni za Tanzania na Kenya hazibadilishwi hapa, hivyo mtaanza upya na leseni ya mwanafunzi.

Wako katika ugenini.

Kutoka: mwanajumuiya, Cork

Mabinti zangu,

Nimewasoma wote wawili kwa makini, na nimeona nisinyamaze. Mtoto huyu wa miaka 13 ana Kiswahili, ana lugha ya kabila lake, na anahangaika na Kiingereza cha hapa. Tumwongezee na lugha ambayo Waayalandi wenyewe wengi hawaizungumzi? Nimeishi nchi hii miaka 20 na sijawahi kuuziwa mkate kwa Kiayalandi. Fedha nyingi za umma zinamwagwa kwenye lugha hiyo, na mimi naona zingejenga zahanati. Afadhali watoto wajifunze Kifaransa.

Kutoka: mwanajumuiya, Conamara

Mzee wetu, shikamoo.

Kuhusu mtoto mkubwa sina ubishi nawe, ndiyo maana nimemshauri dada aende kwanza kwa mkuu wa shule. Na takwimu zinakuunga mkono zaidi ya ulivyosema. Katika sensa ya mwaka 2022 watu 1,873,997 walijibu kwamba wanaweza kuzungumza Kiayalandi, lakini waliosema wanakizungumza kila siku nje ya masomo walikuwa 71,968, na kati yao wakazi wa Gaeltacht walikuwa 20,261 tu. Mkakati wa serikali wa miaka 20, uliotolewa mwaka 2010, ulikuwa umelenga wasemaji wa kila siku 250,000 ifikapo mwaka 2030.

Ninachokiona mimi, Mzee, ni kwamba kwa miaka mingi serikali ililitwika darasa mzigo wote wa kuilinda lugha. Hadi mwaka 1973 mwanafunzi aliyeanguka Kiayalandi alikuwa ameanguka mtihani wote wa kumaliza sekondari, na wazee ninaowatunza kazini bado wanasimulia machungu ya jambo hilo. Wakati huo vijana waliokuwa wanaizungumza lugha nyumbani, bila kulazimishwa na yeyote, walikuwa wanapanda meli kwenda kutafuta kazi London na Boston, kwa sababu kijijini hapakuwa na mshahara. Watu wa Conamara ndio waliosimama. Mwaka 1969 walianzisha harakati ya haki za raia wa Gaeltacht, na Pasaka ya mwaka 1970 wakarusha matangazo ya redio yao isiyo na leseni. Mwaka 1972 serikali ilifungua Raidió na Gaeltachta, na mwaka 1996 kikaja kituo cha televisheni ambacho leo kinaitwa TG4, chenye makao yake Baile na hAbhann, kwenye barabara ninayopita kwenda kazini. Humo wamo vijana wa hapa ambao mshahara wao unalipwa kwa kuzungumza lugha ya mama zao. Fedha za namna hiyo siwezi kuziita za kumwagwa.

Kasoro ninayoiona mimi iko mahali pengine. Chini ya sheria ya mwaka 2012 Gaeltacht imegawanywa katika maeneo 26, na kila eneo linaandika mpango wake wa lugha na kuajiri afisa wa kuusimamia. Maafisa hawa wanafanya kazi nzuri ya kuanzisha vilabu vya vijana, kuwasaidia wazazi na kuandaa madarasa ya jioni, na hapa kijijini afisa wetu ndiye mtu wa kwanza niliyemwona akimkaribisha mgeni kwa dhati. Lakini mpango wa lugha haujengi nyumba hata moja, na mama anayehamishwa kila Juni hawezi kulea watoto wasemaji wa lugha yoyote mahali pamoja. Kama serikali ina nia na lugha hii, ielekeze nguvu kwenye nyumba za kukaa mwaka mzima.

Kuhusu faida ya watoto, sheria ya mwaka 2021 inataka asilimia 20 ya waajiriwa wapya katika utumishi wa umma wawe wanakimudu Kiayalandi ifikapo mwisho wa mwaka 2030, na tangu mwaka 2022 ni lugha kamili ya kazi katika taasisi za Umoja wa Ulaya. Mtoto anayekipata bure akiwa na miaka 3 hajapoteza Kifaransa.

Wala Kiswahili hakikufa nyumbani kwangu. Nilipokuwa Dublin mwalimu mmoja alinishauri niongee Kiingereza na watoto ili wasibaki nyuma, nami nikamtii kwa miaka miwili. Huku, mwalimu wa naíonra aliniuliza siku ya kwanza tunazungumza lugha gani nyumbani, na nilipomjibu akaniambia nisiiache, kwa sababu bibi yake mwenyewe aliwahi kuambiwa aiache yake. Leo wanangu wanacheza kwa Kiayalandi uani na wanazungumza na bibi yao wa Mombasa kwa Kiswahili bila kuhitaji mkalimani.

Dada wa Lucan, afisa wa mpango wa lugha wa eneo la An Cheathrú Rua ndiye wa kumwandikia kwanza, naye atakuunganisha na naíonra na shule. Kama shemeji au wewe mtataka kujifunza, chuo kikuu cha Galway kina kituo cha Kiayalandi hapohapo kijijini.

Kutoka: mwanajumuiya, Lucan

Dada, Mzee, asanteni sana.

Nimemwandikia afisa huyo asubuhi hii, na mume wangu amemwomba mwajiri wake muda wa wiki mbili kabla ya kutia sahihi, ili tuulizie nyumba ya mwaka mzima. Jumamosi ijayo tutakuja sote. Mkubwa ameomba yeye mwenyewe akutane na mkuu wa shule, na ameanza kuandika maswali yake kwenye daftari.

Dada, kama utakuwa na nafasi siku hiyo baada ya zamu yako, tungefurahi kuonana nawe.