Mkate wa nyama ya bata mzinga: nichukue kidari au paja?

Mama Wawili (Alhamisi, saa 1:40 usiku)
Wakuu, habari za jioni. Nina jambo linanitatiza, naomba mawazo yenu kabla ya Jumamosi. Nimeamua mkate wa nyama wa hapa nyumbani, ile nyama ya kusaga inayoundwa kama mkate na kuokwa, niuhamishie kwa bata mzinga badala ya ng'ombe. Nimeshajaribu mara mbili na sikuridhika. Buchani kuna kidari kitupu kilichosagwa tayari, cheupe pee, na kuna mapaja ambayo watanisagia nikisubiri. Kidari wengi wanakisifia kwa kukosa mafuta. Mimi nataka kile chakula cha jioni ambacho mtu akikaa mezani, mabega yanashuka. Nichukue kipi? Na ndani niweke chenga za mkate au oti? Natanguliza shukrani.

Baba Zuhura
Paja. Wala usijiulize mara mbili.

Kisu Kikali
Mleta mada, umetuachia nusu ya habari. Unapikia watu wangapi? Nyama kilo ngapi? Unaoka ndani ya bati la mkate au unaunda kwa mikono juu ya trei? Na hizo mara mbili "hukuridhika" na nini hasa: ulikuwa mkavu, ulimeguka, au haukuwa na ladha? Kila ugonjwa una dawa yake, ila daktari lazima aambiwe panapouma.

Nasra wa Jikoni
Mimi ni mtu wa kidari na sioni aibu. Watu wanakilaumu bure. Kidari kina mafuta kama asilimia 1 tu, kwa hiyo unyevu lazima uutie wewe mwenyewe. Siri yangu ni vipande viwili vya mkate mweupe visivyo na ganda, navimwagia nusu kikombe cha maziwa, navisubiri dakika kumi, kisha navivuruga kwa uma hadi viwe kama uji mzito. Ule uji ndio naukanda na nyama. Wanga wa mkate unashika maji na unazuia nyama isijikunje ikipata moto. Chenga kavu ukizitia kama zilivyo zinafanya kinyume, zinanyonya maji ya nyama yenyewe. Ukila wangu hutajua kuwa ni kidari.

Baba Zuhura
Dada Nasra, sikupingi kwenye mkate na maziwa, hapo umesema kweli tupu. Lakini kwa nini uhangaike kurudisha kitu ambacho paja linacho tangu mwanzo? Paja ni msuli uliofanya kazi, ndiyo maana ni jeusi na lina ladha. Na zile pakiti zilizoandikwa 93/7 zina mafuta asilimia 7, mara nyingi ni kidari na paja pamoja. 85/15 ina mafuta kama nyama ya ng'ombe ya kawaida. Mimi nachukua 93/7 au nasagisha paja, basi.

Mama Wawili
Ahsanteni. Tuko sita mezani, wawili ni wadogo. Nyama kilo moja. Mara ya kwanza ulikuwa mkavu hadi tukamaliza jagi la maji. Mara ya pili ulikuwa na unyevu ila kisu kilipogusa tu, ukamwagika kama mchanga. Mara zote mbili nilitumia kidari.

Kisu Kikali
Bati au trei? Hujajibu. Na kati ya mara ya kwanza na ya pili ulibadilisha nini?

Mwiko wa Mti
Kabla hajajibu, ngoja niwaeleze yaliyonikuta, maana sitaki yamkute mwingine. Ilikuwa jioni ya kumpokea mama mkwe. Nilikata vitunguu vibichi vipande vikubwa, nikachanganya na kidari, nikashindilia vyote kwenye chombo cha kioo. Oveni nyuzi 180, saa nzima. Nilipoutoa nyumba nzima ilinukia. Nikachoma kisu katikati, nikapanua kidogo: pinki. Na pinki yenyewe ilikuwa imezunguka kila kipande cha kitunguu, kama pete. Nikasema haijaiva, na nyama ya ndege mbichi si ya kuwapa wageni. Nikaurudisha dakika 15. Nikapanua tena, pinki ile ile. Nikaurudisha dakika 20. Mama mkwe akaja mlangoni kuniuliza kwa upole kama kuna kitu anisaidie. Mara ya tatu nilipoufungua, mkate ulikuwa umejitenga na kuta za chombo upana wa kidole, umekaa katikati ya maji yake kama jiwe kwenye dimbwi. Na pinki bado ipo.

Tukala hivyo hivyo. Kila tonge lilidai maji. Mama mkwe alitafuna taratibu, akamaliza sahani yake yote, akaniambia, "Ahsante mwanangu, umejitahidi." Nilienda kuosha vyombo machozi yananitoka, kwa sababu nilijua amekula kwa ajili yangu.

Baadaye ndipo nikasoma kwamba vitunguu na mboga kadhaa vina nitrati ya asili, na hiyo ikigeuka nitriti inaweza kuifanya nyama ibaki pinki hata ikiwa imeiva kabisa. Kumbe mkate wangu huenda ulikuwa umeiva tangu mara ya kwanza! Rangi si kipimo. Wiki ile ile nilinunua kipimajoto cha nyama. Nakichomeka katikati kabisa, kikisoma nyuzi 74 za Selsiasi natoa. Mleta mada, kabla ya kuamua kidari au paja, nunua hicho kwanza. Nakuomba.

Chumvi Kiasi
Pole sana dada. Mimi hutoa kwenye 71, mbona iko salama?

Mwiko wa Mti
Hapana ndugu yangu. 71 ni ya ng'ombe, mbuzi, kondoo na nguruwe wa kusaga. Nyama ya kusaga ya ndege ni 74, Idara ya Kilimo ya Marekani imeweka wazi hilo. Nyama ikishasagwa, vijidudu vilivyokuwa juu vimeingia hadi ndani. Kuna watoto wawili pale mezani.

Chumvi Kiasi
Nimekuelewa, nashukuru. Nitabadilisha.

Shangazi Mkaango
Hodi humu. Mimi suala langu ni vitunguu. Msiweke vibichi, wanangu. Kata vidogo sana, kaanga kwa moto mdogo na siagi hadi vilainike na kuwa vitamu, weka kitunguu saumu dakika ya mwisho, kisha viache vipoe kabla ya kugusana na nyama. Kitunguu kibichi kinatoa maji ndani ya mkate, panabaki vishimo, na penye kishimo ndipo kisu kinapopasulia. Nusu ya mikate inayomeguka imevunjwa na vitunguu vikubwa. Na uyoga, kwa bata mzinga hasa, uyoga uliosagwa ukakaangwa hadi maji yake yaishe unaipa nyama uzito wa ladha ambao chumvi peke yake haiwezi.

Chumvi Kiasi
Uyoga naunga mkono mia kwa mia. Mimi naongeza na karoti iliyokwaruzwa laini. Wanangu hawali mboga, ila humo ndani wanakula wasijue.

Baba Zuhura
Hapo ndipo sikubaliani nawe ndugu. Mtoto asidanganywe mezani. Binti yangu alikuwa hali karoti kabisa. Nilimkalisha juu ya kaunta, nikampa kikwaruzio na karoti moja, akakwaruza mwenyewe, akamwagia mwenyewe kwenye bakuli. Siku ile alikula vipande viwili na akawatangazia wote kuwa karoti ni zake. Ukimficha, siku akigundua hatakuamini na chakula kingine.

Chumvi Kiasi
Wako alikuwa na miaka mingapi? Wangu ana miwili na nusu. Huyo hashiki kikwaruzio.

Baba Zuhura
Mitano. Sawa, kwa miwili na nusu nakupa haki yako. Ila mwambie tu kuna karoti, hata kama haelewi.

Nasra wa Jikoni
Turudi kwenye nyama jamani. Mleta mada yuko wapi?

Mama Wawili (Ijumaa, saa 12:15 asubuhi)
Nipo, nilikuwa nalaza watoto. Dada Mwiko, nimesoma habari yako mara mbili, imenigusa. Bati: ndiyo, natumia bati la mkate la chuma. Kilichobadilika mara ya pili ni kwamba nilitoa mayai. Mdogo wangu wa mwisho aligundulika ana mzio wa mayai. Samahani, nilidhani si muhimu kwa swali la kidari na paja.

Kisu Kikali
Dada yangu, hilo ndilo lilikuwa swali zima! Yai ndilo lililokuwa limeushika mkate wako. Hapo kidari kingekuwa paja, bado ungemeguka. Sasa tunajua pa kuanzia. Na tafadhali soma maandishi kwenye pakiti ya chenga na ya mkate, ipo mikate inayotiwa mayai ndani au kupakwa juu.

Shangazi Mkaango
Pole mama, na mtoto apate nafuu. Bila yai, nguvu ya kushika utaitoa kwenye nyama yenyewe. Chukua nyama ya baridi, kutoka kwenye friji moja kwa moja, tia chumvi kijiko cha chai kimoja na nusu kwa hiyo kilo moja, kisha ikande peke yake kwa mkono kama dakika mbili. Utaona inabadilika: mwanzo inateleza, kisha inaanza kunata kwenye vidole na kuvutika kama ugwe. Chumvi imetoa protini ya nyama, na hiyo ndiyo gundi. Hapo ndipo unaingiza ule mkate wa maziwa wa Nasra na vitunguu vilivyopoa, unachanganya kwa wepesi. Lowesha mikono kwa maji baridi wakati wa kuunda, haitakuganda.

Baba Zuhura
Shangazi, shikamoo. Kwa heshima zote, hapo utampatia soseji, siyo mkate wa nyama. Kila siku tunaambiwa usikande sana, nyama inakuwa kama mpira. Mimi nashika kwa ncha za vidole, ikishachanganyika tu naacha.

Shangazi Mkaango
Marahaba mwanangu. Unasema kweli kwa mwenye yai. Huyu hana yai. Mkate laini unaomwagika sahani nzima na mkate ulioshikana kidogo, mama wa watoto wawili achague upi? Hata hivyo nimesema dakika mbili, sikusema kumi, na mkate wa maziwa utakuja kuulainisha.

Baba Zuhura
Mimi ningebaki kwenye kukanda kidogo na kutia kiazi kilichochemshwa na kupondwa. Kinashika vizuri bila kuifanya nyama ngumu.

Nasra wa Jikoni
Au jelatini ya unga, kile kipakti kidogo cha gramu 7. Nyunyiza kwenye maziwa baridi yavimbe kwanza. Haishiki mkate ukiwa wa moto sana, ukweli usemwe, ila inauzuia usitoe maji yote, na baada ya kupumzika unakatika vizuri. Kwa kidari inasaidia mno.

Oti Kila Siku
Hakuna aliyejibu swali la oti! Oti zile ndogo za kuiva haraka, kikombe kimoja kwa kilo moja, loweka kwenye maziwa robo saa. Zinashika kuliko mkate na hazina yai. Kwangu mkate wa nyama wa oti haujawahi kumeguka, na nimeupika miaka.

Nasra wa Jikoni
Ila unakuwa mzito, na unahisi punje ukitafuna.

Oti Kila Siku
Ukiloweka haraka haraka, ndiyo. Ukizisubiri, huzihisi.

Kisu Kikali
Na suala la bati nalo mnaliruka. Ndani ya bati nyama inachemka kwenye maji yake, pembeni inabaki na rangi ya kijivu. Tandika karatasi ya kuokea kwenye trei, unda mkate wenye upana wa kiganja kilichofunguliwa na urefu wa kama sentimita 25, usiupandishe juu sana. Nyuzi 180, anza kupima kwenye dakika ya 45. Tomato sosi, sukari guru na siki kidogo, paka nusu mwanzo na nusu zikibaki dakika 15, hadi uone juu inatokota vipovu vizito na ukingo unakuwa mweusi mweusi. Ukiutoa usiuguse dakika 10.

Shangazi Mkaango
Trei kwa mkate usio na yai? Utatambaa, mwanangu, na kupasuka juu. Mwache na bati lake angalau mara hii. Au aushindilie kwenye bati, kisha aupindue juu ya trei. Anapata vyote viwili.

Kisu Kikali
Hilo la kupindua nalikubali.

Mama Wawili (Ijumaa, saa 11:50 jioni)
Nimerudi kutoka buchani. Nimechukua nusu paja nusu kidari, nikasagisha pamoja. Kipimajoto nimepata. Oti na mkate vyote vipo kabatini, bado sijaamua, nitaamua kesho nikiwa nimeshika bakuli. Kitu kimoja zaidi: ukibaki, unakaa siku ngapi? Jumapili usiku nafika nyumbani nimechoka na ningependa kuwapa huo huo.

Mwiko wa Mti
Siku tatu hadi nne kwenye friji, ilimradi uuingize ndani ya saa mbili tangu utoke motoni. Ukitaka kugandisha, kata vipande kwanza, tenganisha kwa karatasi, usigandishe mzima.

Chumvi Kiasi
Kuupasha kwenye oveni unakauka. Sisi tunakaanga kipande upande mmoja tu, siagi kidogo, moto wa wastani, unafunika kikaango hadi kipande kiwe cha moto kabisa. Upande wa chini unakuwa na ganda, wa juu unabaki laini. Mtoto wangu anaupenda hivyo kuliko siku ya kwanza.

Oti Kila Siku
Ule wa oti unakaangika vizuri zaidi.