Tupeane uzoefu: wimbo ukinakiliwa mara nyingi sauti inachuja?

Wakuu habari za jioni. Kijiweni kuna ubishi haujaisha tangu juzi. Mwenzetu anashikilia kwamba wimbo ukitoka kwenye simu, ukaenda kwenye laptopu, kisha flashi, hadi kufika redio ya gari unakuwa umeshachoka. Waliokutana na hili waje.

Mama Kwaya: Enzi za kaseti ilikuwa kweli. Kanda ikitolewa kwenye kanda nyingine iliyotolewa kwenye nyingine, unasikia mvumo tu, soprano zote zimefifia. Siku hizi faili la studio nawagawia waimbaji kwa flashi, la mwisho linalia sawa na la kwanza.

Fundi Spika: Ubishi huu kazini kwetu niliumaliza kwa MD5. Ni hesabu ya kompyuta inayosoma faili zima na kulipatia alama ya herufi na tarakimu 32. Nilichukua wimbo, nikaupitisha kwenye flashi, memori kadi na simu, ukarudi kwenye kompyuta. Alama ile ile. Ingebadilika biti moja tu, yaani chembe ndogo kabisa ya data, alama isingefanana. Kinachoua sauti ni kugeuza aina ya faili. WAV ya CD, faili la sauti lisilobanwa, ni kbps 1,411, yaani kilobiti kwa kila sekunde. Ukiifanya MP3, faili lililobanwa, ya kbps 128 umeshatupa zaidi ya asilimia 90 ya data. Ukiipandisha tena hadi 320, faili linanenepa bure, kilichotupwa hakirudi.

Dereva wa Noah: Sasa mbona nyimbo nilizoingiziwa stendi, matoazi yanalia kama mtu anakaanga dagaa?

Fundi Spika: Uliza alizitoa wapi. Wengi wanazivua kwenye video za mtandaoni, halafu zinageuzwa MP3 ya chini. Sauti kali za juu ndizo huumia kwanza. Hata angekunakilia mara mia, ubovu ulikuwemo tangu mwanzo.

DJ Mtaa wa Pili: Na flashi feki je? Imeandikwa GB 64, ndani haifiki hata robo. Majina ya nyimbo unayaona yote, ukicheza zinakatika au zinagoma. Faili likiharibika hukwaruza na kuruka, halififii taratibu kama kanda.

Mama Kwaya: Mwalimu wetu anacheza wimbo kwenye spika, anaurekodi kwa WhatsApp, anatutumia. Hiyo nayo ni kunakili?

Fundi Spika: Hapana mama, huko ni kurekodi upya kwa maiki ya simu, na kelele za chumba humo humo. Mwambie aambatishe faili lenyewe kama dokumenti.