Nani asimamie kampuni kuhamia kwenye mfumo, kijana wa IT au dada wa oparesheni?

KauntaBuku: Wakuu salama? Tunasambaza vyakula vya jumla hapa Dar, wafanyakazi kama 60 hivi, bosi kaamua karatasi basi, oda, stoo, malipo vyote viingie kwenye mfumo, na kaniambia nimpelekee jina la msimamizi. Kijana wetu wa IT yuko vizuri ila madereva hata jina lake hawalijui. Dada wa oparesheni anaijua kazi kila kona ila kompyuta kwake mwisho ekseli. Au tutafute wa nje?

FundiMtandao: Mkuu mimi nilikuwa huyo kijana kampuni nyingine. Nikafunga mfumo safi kabisa na skana zake, kumbe mtunza stoo anaandika kwenye kaunta buku wiki nzima, jumamosi mchana ndo anaingiza yote kwa mkupuo. Kompyuta inasema katoni 400 za mafuta, ukienda kuhesabu 260. Nikimuuliza ananijibu "mwanangu we fundi kompyuta, stoo niachie". Ningemfanya nini sasa? Mpe dada.

MamaMizigo: Dada. Angalieni M-Pesa, majaribio yalianza Kenya 2005 kwa ajili ya watu kurejesha mikopo midogo ya Faulu (taasisi ya mikopo ya huko), watu wakaanza kutumiana hela wao kwa wao, na wasimamizi wakawafuata watumiaji, 2007 inazinduliwa inanadiwa kama njia ya kutuma pesa nyumbani. Mpenda mitambo tu angesema wateja wanaitumia vibaya.

Mhasibu mkavu: Sawa ila msimwache dada peke yake na wauza mifumo, watamla mzima mzima. Mkataba usome kijana wa IT: data zetu tukiachana tunaondoka nazo vipi, kwa fomati gani, bei ya mwaka wa pili je? Akisema hapana iwe hapana. Na huyo dada apunguziwe kazi za sasa, sio anakimbizana na magari mchana halafu mfumo usiku. Halafu bosi mwenyewe, bado anatuma WhatsApp "mpe huyo katoni 20 tutaandika kesho"? Kama ndiyo, hata mkimleta mtu kutoka Ulaya hakuna kitu.

KauntaBuku: 😂😂 mhasibu unakaa ofisini kwetu nini? Jana tu kampa shemeji yake unga magunia 15, hakuna hata delivari noti. Basi jina la dada napeleka kesho, ila hiyo ya WhatsApp sijui naianzaje.