Mrejesho: figo za mama na sisplatini

Ndugu zangu, niliwaeleza kwamba kreatinini ya mama (taka kwenye damu ambayo ikipanda huonyesha figo hazichuji vizuri) ilipanda baada ya dozi ya kwanza ya sisplatini, dawa ya saratani inayoweza kuumiza figo, nikauliza figo zake zitalindwaje. Mlinisisitiza nimwonyeshe daktari dawa zote anazomeza. Asanteni sana, maana hapo ndipo tulipobaini tatizo: chini ya mto nilikuta ibuprofeni, dawa ya maumivu ambayo nayo inaweza kuumiza figo; alikuwa anaimeza kimyakimya kwa ajili ya magoti! Daktari aliisimamisha siku hiyohiyo, akampa parasetamoli, ila kila mara tupime joto kwanza isije ikaficha homa.

Dozi ya pili ilisogezwa mbele wiki moja. Safari hii alitundikiwa dripu ya maji ya chumvi yenye magnesiamu, kabla na baada ya dawa, na mkojo ukapimwa kwa chombo. Nyumbani nachora mistari kwenye chupa ya maji nijue amefikia wapi. Kutapika ndiko kulikokuwa kunamkausha; ameongezewa dawa ya kuzuia kutapika.

Kreatinini imeshuka kutoka 131 hadi 98. Tutapima tena kabla ya dozi ya tatu.