Naomba ushauri: wakata minofu wanavua glavu za waya

Habari za kazi wanajamvi. Ni kiwanda cha minofu ya sangara hapa Mwanza, wakataji 40 kwa zamu. Glavu za waya zipo, ila msimamizi akigeuka tu zinavuliwa: malipo ni kwa kilo, na glavu iliyopwaya inapunguza kasi. Tumeleta saizi tatu, tumebandika mabango, tumekata posho. Kukata posho kumeharibu zaidi. Sasa mtu akijikata anafunga kitambaa kimyakimya, daftari la ajali linabaki jeupe. Hilo linanitisha kuliko majeraha yenyewe.

Aliyewahi kulipa kwa kilo za meza nzima badala ya mtu mmoja mmoja, glavu zilibaki mkononi? Na taarifa za majeraha madogo apokee nani ili watu wasiogope: msimamizi, au mwakilishi wa usalama anayetajwa na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003?