Amefuta juisi kwa gazeti la Sani! Huyu "mtaalamu wa katuni" tumfanye nini?

Mchora Usiku (mleta uzi)

Wakuu, salamu baadaye. Natetemeka hadi simu inateleza mkononi.

Natoka sasa hivi kwenye ule mkutano wa wachora katuni hapa Dar, hata daladala sijapanda. Mzungumzaji mkuu mnamjua. Yule yule. Mwenye miwani ya duara, kila sentensi anaianza na "sisi kama tasnia". Simtaji, maana jina lake mnalo kichwani na wengine mmeshamlipa hela ya semina.

Kashika maiki, kakohoa kama dakika arobaini, kasema Afrika haijawahi kuwa na utamaduni wa katuni. Eti tumeanza juzi, vijana walipopata vishikwambi na kuangalia vibonzo vya Kijapani. Kabla ya hapo, anasema, tulikuwa na "vijarida vya vichekesho vya kufungia maandazi". Na watu wakacheka! Nikavumilia. Pembeni yake palikuwa na meza, mzee mmoja kaleta magazeti yake ya zamani ya Sani, lile gazeti letu la katuni, tuyaone, kila moja kaliweka kwenye mfuko wa nailoni kama cheti cha shule. Mtaalamu akamwaga juisi ya embe. Akaangaza kushoto, akaangaza kulia. Akachomoa Sani kwenye mfuko. AKAFUTA JUISI. Na hotuba ikaendelea.

Kwa waliosoma harakaharaka: alichomoa gazeti kwenye mfuko wake, akalikunja mara mbili, akafutia juisi. Tambaa la kufutia lilikuwepo! Lilikuwa kwenye kiti! Nililiona mimi, aliliona mzee, hadi paka wa pale ukumbini aliliona.

Gazeti alilolichorea Philip Ndunguru, kijana aliyefariki 1986 na mpaka leo watu wanaiga mkono wake. Gazeti la wahusika kama Ndumilakuwili, Lodilofa, Pimbi, Kipepe na Madenge. Nchi nzima ilijifunza kusoma haraka kwa sababu kuna mtu nyuma yako anasubiri zamu. Halafu embe!

Tumeanza juzi? Edward Gitau alianza kumchora mhusika wake Juha Kalulu kule Kenya miaka ya 1950, mkoloni bado yupo. Christian Gregory alikuwa na mhusika wake Chakubanga kwenye gazeti la Uhuru tangu miaka ya 1960, anawasema walevi, wavivu wa ofisini na wapenda vya bure, na wasemwa wanacheka. Kinshasa walikuwa na jarida la katuni la Jeunes pour Jeunes mwaka 1968. Algeria wakatoa lao, M'Quidèch, 1969. Huyu bwana 1969 hata babu yake alikuwa bado hajamtongoza bibi yake!

Na mzee hakusema neno. Alilichukua lile gazeti linadondosha embe, akalitandaza kwenye magoti yake. Mimi hapo ndipo nilipotoka.

Povu ruksa.

Kobe wa Tabata

Nimekaa siti ya mbele. Ngoja waje.

Mama Karanga

Mkuu pole sana. Huyo jamaa nilimsikia redioni akisema eti katuni za magazetini "siyo sanaa kamili". Mchora katuni Masoud Kipanya anachora kapanya kamoja pembeni, na hako kapanya peke yake kanasema kuliko semina zake zote alizowahi kutoza hela.

Asiyejali

Chai. Mzee gani siku hizi anatembea na Sani kwenye nailoni? Na hata kama ni kweli, ni karatasi. Tafuta pesa.

Mchora Usiku

@Asiyejali chai ungekuwa nayo wewe, angeifuta kwa cheti chako cha kuzaliwa ndipo ungeelewa. Siyo karatasi. Wengi wetu nyumbani hayakubaki hata moja, yameliwa na mchwa au yamewashia jiko. Aliyetunza ni mzee yule. Kaja nayo kwa mapenzi yake, hakulipwa hata nauli, halafu mtu anamfutia juisi mbele ya ukumbi mzima!

Fundi Saa

Swali dogo tu: juisi ilitoka?

Kobe wa Tabata

😂😂 Fundi utaua watu.

Mkenya Halisi

Pole ndugu, hiyo ni dharau tupu. Lakini na nyinyi watu wa Dar mwache kufikiri kila kitu kilianzia Kariakoo. Juha Kalulu umemtaja kwa mstari mmoja tu, na ndiye kaka mkubwa wa hao wote. Nairobi tulikuwa na jarida la Joe tangu 1973, la Terry Hirst na Hilary Ng'weno. Frank Odoi alitoka zake Ghana akaja kuishi na sisi, akatuchorea katuni ya Akokhan mpaka ajali ya matatu ikamchukua 2012. Jarida la Shujaaz likaanza 2010, bure ndani ya gazeti, kwa Sheng. Hayo hamsemi.

Mama Karanga

@Mkenya Halisi haya, na yule mchora katuni Gado je? Kazaliwa wapi Gado?

Mkenya Halisi

Nilijua tu utalileta hilo! Amezaliwa Dar 1969, sawa. Lakini kazi ya gazeti la Nation alianza 1992 Nairobi, na ni Nairobi iliyomjulisha kwa dunia. Kuzaa siyo kulea.

Mama Karanga

Mlezi haandikwi kwenye cheti. Mrudisheni.

Mchora Usiku

Jamani, Gado yupo salama. Sani ndilo limelowa. Alilikunja MARA MBILI!

Mwana wa Kisangani

Habari zenu. Juisi inauma, lakini sisi Wakongo tuna yetu. Huyo bwana wenu alikuja kuongea kwenye kikao kimoja huku kwetu, akasema katuni ya Afrika baba yake ni Tintin, yule wa katuni za Ubelgiji! Kitabu chake kile cha Kongo cha mwaka 1931 kinachotuchora midomo na akili za watoto, ndiyo baba? Bienvenu Mbutu Mondondo alikipeleka mahakamani Brussels 2007, na 2012 mahakama ikakataa kukizuia. Sisi tuna mchoraji Barly Baruti, mzaliwa wa hapa Kisangani, anachora injini ya gari mpaka unasikia moshi wake. Tuna Papa Mfumu'Eto wa Kinshasa, vijarida vyake vilikuwa vinauzwa barabarani kwa Kilingala, mashetani na wanasiasa ukurasa mmoja. Mtu anakuja na miwani yake anatuambia baba ni Tintin. Nililala na njaa kwa hasira.

Mchora Usiku

Kumbe ana historia! Ndugu yangu wa Kisangani, na huko alimwaga kitu?

Mwana wa Kisangani

Hapana. Huku alikunywa maji.

Kalamu Kavu

Mimi ni mchoraji, ninachorea magazeti. Mnalia juisi, mimi nalia malipo. Mhariri anapiga simu usiku, anataka katuni ya asubuhi, waziri awe anafanana lakini asifanane sana. Ukidai hela unaambiwa "jina lako linakua". Mwenye nyumba wangu hapokei jina. Na huko kwingine ni kubaya zaidi: Magdy El Shafee alitoa kitabu cha katuni cha Metro Misri mwaka 2008, polisi wakazoa nakala, yeye na mchapishaji wake wakatozwa faini. Heri mimi hata nifutiwe juisi, ilimradi nilipwe.

Dada wa Abidjan Road

@Kalamu Kavu wanaotengeneza hela wapo. Katuni ya Aya ya Marguerite Abouet ni hadithi ya mtaa wa Yopougon kule Abidjan tu, wasichana na mapenzi yao, na imepata tuzo kwenye tamasha la katuni la Angoulême, Ufaransa, 2006. Abidjan walianzisha gazeti la katuni la Gbich! 1999, Dakar mhusika Goorgoorlou wa T.T. Fons katoka gazetini mpaka kwenye televisheni. Sisi tumebaki kugombania Gado.

Mama Karanga

Gado ni wetu.

Asiyejali

Bado mnaongelea karatasi?

Mchora Usiku

TURUDI KWENYE JUISI. Nataka wachoraji wote tusiende kwenye mkutano wake ujao mpaka amwombe radhi mzee yule, hadharani, amesimama, maiki imewashwa. Nani yupo na mimi?

Fundi Saa

Ujao unafanyika wapi? Na juisi ipo?

Babu Sinema

Nyie watoto mnasema Sani ni ya zamani. Sisi tulikuwa na Spear, hadithi zile za picha za kupigwa kwa kamera. Mpelelezi Lance Spearman, kofia kichwani, sigara mdomoni, anamfukuza adui yake Rabon Zollo na suti haikunjiki. Nilikuwa nazo sanduku zima. Nikamwazima rafiki yangu mmoja, akasema "narudisha Jumamosi". Hakuja Jumamosi yoyote. Akaja miaka mingi baadaye kumposa dada yangu.

Kobe wa Tabata

Babu!! Mkampa?

Babu Sinema

Baba alimpa. Mimi nilisema kwanza sanduku, nikanyamazishwa na wakubwa.

Mkenya Halisi

Hapo mzee ulidhulumiwa wazi. Kwetu hilo lingeingia kwenye mahari.

Mama Karanga

Lingeingia vipi, wakati yeye ndiye upande wa kike? Sanduku lilitakiwa liletwe pamoja na mahari, yaani mposaji alipe vyote viwili.

Kalamu Kavu

Mimi jirani kaazima Supa Strikas za mwanangu, zile katuni za mpira, karudisha hazina kurasa za mwisho. Mtoto hajui mechi iliishaje. Nimdai vipi mtu anayenisalimia kila asubuhi?

Babu Sinema

@Kalamu Kavu mdai leo leo, kabla hujapata binti.